Jozi Kumi na Mbili za Buti na Chungu cha Kushoto

Jumatatu, 18 Agosti

Mwalimu Odar amebandika orodha ya safari ya Triglav, mlima mrefu kuliko yote nchini, kwenye mlango wa chama cha wapanda milima. Majina kumi na mawili. Kisha mstari. Chini ya mstari, jina la kumi na tatu, kwa penseli: Tinkara Razpotnik. Mimi.

Nimesimama pale muda mrefu. Mstari wenyewe ni mwembamba, wa penseli pia. Nimeupuliza. Haukutoka.

Babu alifika kileleni akiwa na miaka minane. Bibi, kumi na moja. Mama alifika nikiwa tumboni mwake, kwa hiyo mimi nimekwisha kufika, ila Mwalimu anasema hiyo haihesabiki. Nina miaka kumi na miwili na nusu. Wakirudi hawa kumi na wawili, katika kijiji kizima ambao hatujafika tutabaki wawili: mimi na ndama wa jirani.

Kosa ni langu. Nilikosa matembezi mawili ya mazoezi. Mara ya kwanza niliugua. Mara ya pili nilikuwa nimebuni shanta la kubebea maji mgongoni, likavujia kwenye suruali, nikaona haya kutoka nyumbani.

Lakini tumaini lipo. Jumanne ijayo Mwalimu atakagua vifaa. Ambaye buti zake zimeachia soli, au ukanda wa shanta lake unakaribia kukatika, atabaki. Na wa kumi na tatu atapanda juu ya mstari.

Nina mpango, tena wa heshima. Babu alikuwa fundi wa ngozi miaka arobaini, na amenifundisha kushona kwa mkono tangu nilipokuwa darasa la pili. Nimemwandikia Mwalimu barua kuomba cheo cha Fundi wa Msafara. Msafara gani utamwacha fundi wake nyumbani?

Jibu limekuja jioni. Cheo hicho hakipo. Ila Mwalimu amefurahi mno kusikia kwamba nataka kusaidia, na amewaambia wote waniletee vitu vyao.

Jumanne, 19 Agosti

Karakana ya Babu imejaa. Jozi kumi na moja za buti, mashanta tisa, na hema moja ambalo haliendi popote.

Nimekaa kwenye kigoda, nimebana shanta la kwanza kwa kibanio cha mbao katikati ya magoti, kama nilivyofundishwa. Uzi mmoja uliopakwa nta, sindano mbili, moja kila ncha. Msharasi, ile sindano nene yenye mpini, unatoboa. Sindano zinapishana katika tundu lile lile, moja ikija, moja ikienda. Unavuta mikono yote miwili kwa pamoja. Hivyo mshono mmoja ukikatika, mingine inashika.

Nilikuwa kwenye tundu la ishirini hivi nilipogundua jambo. Nikishona vizuri, wote kumi na wawili watapita ukaguzi, na mimi nitabaki. Nikishona vibaya, mtu ataanguka ukaguzi, na mimi nitakwenda.

Nimeweka sindano chini. Nimewaza sana.

Nimemuuliza Babu kwa mfano tu. Nikasema, tuseme kuna fundi fulani, huko mbali, mwenye shida fulani. Babu hakuinua macho. Akasema uzi ukiachia kule juu, kinachoanguka si uzi. Kisha akauliza kama huyo fundi wa huko mbali amekumbuka kupaka nta.

Nimeshona vizuri. Kila mkanda uliokamilika umenisikitisha.

Jumatano, 20 Agosti

Nimesema jozi kumi na moja. Ya kumi na mbili ni ya Zala Mencinger, na hajaileta.

Zala ndiye nambari kumi na mbili. Yuko juu ya mstari kabisa, ananikanyaga kichwani. Buti zake alirithi kwa kaka zake watatu, na ya kulia imepasua mdomo mbele kama chura. Amefunga mdomo huo kwa utepe wa gundi, ule wa kijivu wa mafundi bomba. Anatembea na bunda zima la utepe mkononi kama bangili.

Leo asubuhi nimemkuta amekaa kwenye benchi chini ya mti, mkabala na lango letu. Ameandika kwenye kadibodi: MATENGENEZO. DAKIKA MOJA. Kufikia saa sita wateja wangu watatu walikuwa wamekuja kuchukua mashanta yao, wakavuka barabara nayo.

Nimekwenda kumweleza kwa upole kwamba gundi ikipigwa na jua inalainika, ikipigwa na baridi inakakamaa, na kwamba ngozi inahitaji uzi. Amenisikiliza mpaka mwisho huku akibandika.

"Rudi kwenye kigoda chako, bibi kizee," akasema. "Huu utepe unashika hata roketi."

Nami nimetundika kadibodi langoni: MISHONO YA KWELI. Jirani amesoma, akauliza kama tunauza nguo.

Ijumaa, 22 Agosti

Mpango wa jana na leo: kasi. Kama Zala anatumia dakika moja, mimi nitatumia kumi. Nilichagua shanta la Mwalimu Odar mwenyewe, ili aone. Sikutazama kushoto wala kulia. Msharasi, sindano, vuta! Msharasi, sindano, vuta! Dakika tisa na nusu. Mishono imenyooka kama reli.

Nikasimama. Shanta nalo likasimama.

Nimelishona kwenye sketi yangu. Kitambaa kilikuwa kimeingia ndani ya kibanio, na mishono kumi na minne imepita palepale. Nikiwa bado nakagua hali, Mwalimu akafika langoni kulichukua. Nikamwambia halijawa tayari. Akasema analiona, lipo hapo magotini pangu. Nikasema linakauka.

Alitaka kujua kinachokauka ni nini. Nikamsindikiza barabarani huku nikizungumzia hali ya hewa. Shanta lilinigonga mapajani kila hatua. Zala alisimama juu ya benchi ili aone vizuri.

Imenichukua saa nzima kufumua. Mshono wa sindano mbili, kumbe, kweli hauachii.

Jumapili, 24 Agosti

Nimepata. Usiku sikulala kwa furaha, au labda kwa sababu ya maandazi ya jibini.

Utepe haushiki kwenye mafuta! Buti za ngozi kabla ya safari sharti zipakwe mafuta, ili maji yasiingie. Mwalimu mwenyewe hutuimbia hilo kila mwaka. Kwa hiyo nimekwenda kwake baada ya kanisa na kumwomba ruhusa kupaka buti za msafara wote, bure, hata za Zala. Amenishika bega na kusema mimi ni mtoto wa pekee. Nikaona haya kidogo, lakini si sana.

Bibi yuko juu malishoni tangu Ijumaa, anakamua na kutengeneza jibini, hatarudi mpaka kesho jioni. Lakini mwezi uliopita alinieleza: mafuta ya viatu, yale anayopika Babu kwa shahamu, nta na utomvu wa msonobari, yako kwenye ghala la chini ya nyumba, katika chungu cha kushoto. Nimeingia ghalani kinyumenyume kwa sababu nilikuwa nimekumbatia buti. Nimechukua cha kushoto.

Jozi kumi na mbili. Nimepaka kwa kitambaa, kisha kwa vidole, hasa kwenye mishono. Chungu kimeisha chote, hata zangu hazikupata. Ngozi imeng'aa kama kokwa mpya ya chestnati. Palikuwa na harufu ya vitunguu saumu, nikadhani ni Babu.

Jumatatu, 25 Agosti

Utepe wa Zala umetoka.

Alikuja saa tisa, amevaa soksi, buti mkononi. Mdomo wa chura umefunguka mpaka katikati ya soli. Alisema amebandika mara sita. Kila mara unateleza kama sabuni. Hakuniuliza kwa nini. Nilitamani aniulize, nipate kukasirika.

Ukaguzi ni kesho asubuhi. Nilichohitaji kusema ni neno moja tu: nina kazi. Si hata uongo. Lile hema lipo.

Zala akaweka buti juu ya meza ya Babu. Akasema kaka zake wote watatu wamefika kileleni kwa buti hizihizi, na mama yake tayari ameoka keki ya kumpokea, imekaa kabatini. Kisha akawa anatazama bunda la utepe mkononi.

"Ukikataa nitaelewa," akasema. "Hata mimi ningekataa."

Hilo ndilo lililoniponza. Angenitukana kidogo tu!

Nimefuta mafuta kwenye ukingo kwa majivu. Nimetafuta matundu ya zamani kwa msharasi, moja moja. Saa tatu nzima. Nimejichoma kidole gumba mara mbili, na mara moja nilimchoma Zala, aliyekuwa ananishikia. Babu alipita, akavuta soli kwa koleo, ikakataa kabisa kusogea. Akasema hajawahi kuniona nikishona mshono mzuri kama huo.

Najua. Nimeutazama na kuuchukia.

Jumanne, 26 Agosti

Naandika haraka. Mengi yametokea.

Asubuhi Babu alijipakia mkate kutoka kwenye chungu kilichobaki ghalani. Akatafuna. Akasema zaseka ya mwaka huu Bibi ameisahau chumvi. Akanyunyiza chumvi, akala vipande viwili. Kisha akatoka kutazama mawingu, mvua ikaanza kunyesha, na matone yakawa yanateleza kwenye masharubu yake bila kushika, kama kwenye mgongo wa bata.

Bibi aliyaona hayo masharubu kupitia dirisha. Akachovya kidole kwenye chungu, akalamba, akakaa chini.

Akaniuliza kwa sauti ya chini sana: zaseka yake iko wapi? Mafuta yake ya nguruwe ya kupaka mkate, ya mwaka mzima, yaliyosagwa na chumvi na vitunguu saumu?

Nikatazama miguu yangu. Kisha nikafikiria miguu mingine ishirini na minne.

Kumbe kushoto ni kushoto kwa mtu anayeingia akitazama mbele.

Nilikimbia mpaka uwanja wa chama. Nimechelewa. Wote kumi na wawili walikuwa wamejipanga mstari, na mbele ya kila mmoja ameketi mbwa. Wengine walikuwa na mbwa wawili. Mbwa wa padri alikuwa amelala juu ya miguu ya Zala, akilamba taratibu, macho yamefumbwa. Mwalimu Odar alikuwa anatambaa katikati yao na koleo, akivuta soli moja baada ya nyingine. Hakuna iliyosogea. Alivuta ya Zala mara tatu. Kisha akainama zaidi, akanusa.

"Nani amepika hapa?" akauliza.

Nimekiri. Nimesema yote: chungu, kushoto, utepe, hata kwamba nilijua utepe hautashika. Hilo la mwisho hakuna aliyeniuliza, lilitoka lenyewe. Zala alinitazama mdomo wazi, kama buti yake ya zamani.

Mwalimu alikuna shingo. Akasema mishono hajaona kama hii tangu aanze kuongoza safari. Akasema vilevile kwamba kule juu, kwenye kibanda cha wapanda milima tutakapolala, hakuna anayeruhusiwa kuingia na buti. Zinakaa nje kwenye rafu, watu wanavaa ndara. Na kondoo wa kule hulamba hata jasho kwenye mikanda ya mashanta. Wakikutana na buti za chumvi watakula mpaka kamba. Kufua mafuta yote kabla ya kesho haiwezekani.

"Basi zitahitaji mlinzi," akasema.

Akaenda kwenye orodha mlangoni. Nilidhani anatafuta penseli. Alilowesha kidole kwa mate, akaufuta ule mstari. Kidole tu! Mimi nilikuwa nimepuliza.

Akaongeza kwamba nitafungwa kwenye kamba yake mwenyewe, ili aone mikono yangu iko wapi wakati wote. Na nikirudi, buti zote nitazifua mimi.

Bibi hajasema nami tangu asubuhi, lakini amenifungia mkate wa safari. Mkavu.

Jumatano, 27 Agosti

Kibandani. Tumepanda kwa muda wa saa saba. Mbwa wawili walitusindikiza mpaka mwisho wa msitu.

Wengine wako ndani, wanacheza karata na kunywa chai ya milimani. Mimi nimekaa kwenye ngazi na fagio. Kondoo kumi na mmoja. Mbuzi wawili wa mwenye kibanda. Na juu ya mwamba, mbuzi-mwitu mwenye pembe ndefu kama mikono yangu miwili, ambaye bado hajaamua.

Kufikia sasa: wamekula kamba moja ya kiatu na ukingo wa kofia ya Mwalimu, ambayo haikupakwa kitu. Nadhani waliionja kwa udadisi.

Zala ameniletea supu ya shayiri. Nilidhani ataimwaga. Ameketi upande wa pili wa rafu, akamsukuma kondoo kwa mguu. Tukakaa. Baadaye akasema nilichomfanyia ni uovu mkubwa, na yeye alijilaumu usiku mzima kwa kutonidhania kuwa na uwezo huo. Akasema mshono haumbani hata kidogo.

Nimemwambia nilishona mishono minane kwa inchi. Akasema hakuuliza.

Kutoka hapa kilele kinaonekana. Mnara wake mdogo wa bati unang'aa kama kijiko. Nimeutazama sana, ndiyo maana kofia ililiwa.

Alhamisi, 28 Agosti

Tumeanza alfajiri. Nilikuwa nyuma ya Mwalimu kwenye kamba fupi, kama mbuzi wa maonyesho. Jozi kumi na mbili za buti mbele yangu, zote nimezishika mikononi mwangu, kila mshono naujua. Miguu ya watu ilikanyaga vigingi vya chuma na mawe makali. Hakuna hata uzi mmoja ulioachia.

Kisha, kwenye ukingo mwembamba, mnara ukiwa juu yetu karibu kiasi cha kuhesabu misumari yake, nilisikia baridi kwenye vidole vya mguu wa kushoto.

Soli yangu. Imefunguka kuanzia mbele mpaka kisiginoni.

Buti zangu sikuzishona. Hazikuwa kwenye orodha, na baada ya hapo niliwaza fagio tu. Msharasi, nyuzi, sindano zote mbili: ziko kibandani, ndani ya shanta, nimeziacha ili nipande mwepesi.

Mwalimu alitazama soli inavyoning'inia. Hakunigombeza. Alisema kwa huruma kwamba kwa kiatu hicho hatuwezi, tutashuka sisi wawili polepole. Nikaitikia. Sikulia. Nilitazama mnara na kuhesabu misumari. Niliona kumi na saba.

Zala alikuwa kwenye kamba ya mbele. Akamwomba aliyeongoza kamba yake asimame. Akavuta mkono wa jaketi, na pale kwenye kifundo cha mkono, kama bangili, lilikuwepo bunda.

Akapiga magoti kwenye mwamba, akazungusha utepe kwenye buti yangu mara tisa, akiukaza kwa meno. Ukashika. Ulishika kabisa, kwa sababu buti zangu ndizo pekee katika msafara mzima ambazo hazikupata mafuta.

"Dakika moja," akasema, akarudi kwenye kamba yake.

Mwalimu alivuta soli kwa mikono yake yote miwili. Akavuta tena. Kisha akaelekeza kidole juu.

Nimefika saa tatu na dakika ishirini. Nimeweka kiganja kwenye bati la mnara. Ni baridi, na lina mikwaruzo, na ni dogo kuliko nilivyodhani. Sikuweza kuondoa mkono.

Kisha wanaofika mara ya kwanza tukainamishwa tuchapwe kamba ya kupandia makalioni, kama Babu na Bibi walivyochapwa. Kila mtu viboko vitatu. Mimi nilipata vinne. Mwalimu alisema cha nne kimetumwa na Bibi.

Hakuna kiboko kilichowahi kunifurahisha hivyo.

Ijumaa, 29 Agosti

Nyumbani. Nimekaa uani na beseni, brashi na sabuni, jozi kumi na mbili. Mbwa wa padri ananitazama kupitia uzio. Zala amekuja na kipande cha keki, akaketi kwenye benchi lake, ananihesabia.

Nimetumia muda wa kufua kutafakari, kama tunavyofundishwa shuleni kufanya baada ya kosa. Nimetafakari kwa uaminifu. Matokeo ni haya: kama ningechukua chungu sahihi, leo ningekuwa sijafika Triglav. Kuhusu ule utepe, ulishika kwa bahati, na kwa sababu buti yenyewe ilikuwa imeshonwa vizuri hapo zamani.

Mchana Mwalimu amebandika orodha ya safari ya Oktoba, mlima Krn. Majina kumi. Mimi ni wa kumi na moja, chini ya mstari, kwa sababu mkutano wa kujiandikisha ulikuwa leo asubuhi na mimi nilikuwa kwenye beseni. Safari hii mstari ni wa wino.

Bibi ameanza kusema nami. Amepika zaseka mpya, na ili yasitokee tena yaliyotokea, vyungu vyote viwili amevibandika karatasi zenye maandishi makubwa: CHAKULA. VIATU. Nimeshuka ghalani kuzitazama. Zimebandikwa kwa utepe wa kijivu. Zala amempa Bibi bunda zima.

Nimepaka mafuta kidogo kwenye pembe moja ya karatasi, chini ya utepe, kujaribu tu.

Inateleza vizuri sana.